Kitu Kipya Kikija, Tutazame Watu Wanafanya Nini



Somo la toleo hili limeletwa na barua. Kikundi kimoja cha akina mama katika parokia zetu kimetuandikia kikiomba shauri, na kinataka jibu upesi kabla ya mvua. Mwuzaji alifika kwenye mkutano wao wa Alhamisi akiwa na simu kubwa na karatasi zenye picha za rangi. Anauza huduma ya kilimo. Mama anapiga picha jani la mhindi lililougua, anaituma, na kompyuta iliyofundishwa kwa picha nyingi sana za majani, hii wanayoiita akili bandia, inamjibu ni ugonjwa gani na afanye nini. Ada ni shilingi 600 kwa kila mwanachama kwa msimu. Asiye na simu ya aina hiyo atapewa kwa mkopo: anatanguliza shilingi 5,000, halafu analipa kidogo kidogo kila siku.

Kikundi kina wanachama 32. Wote wakichukua simu na huduma, ni shilingi 179,200 za kutanguliza. Huko benki wana shilingi 214,000, walizochanga kwa miaka mitatu ili wanunue tangi la maji na kuweka mifereji kwenye paa la nyumba ya mikutano. Kwa hivyo swali si la mchezo. Mwandishi wa kikundi aliliuliza hivi: "Hiki ni kitu cha kweli, au ni upepo tu unapita?"

Hatukumjibu ndiyo wala hapana. Sisi wenyewe wa ofisi ya maendeleo tumedanganyika mara nyingi, tena kwa pande zote mbili. Tumesifu vitu vilivyokufa ndani ya mwaka mmoja, na tumedharau vitu ambavyo leo viko mfukoni mwa kila mmoja wetu. Tukaona afadhali tuandike somo, tuanze na aibu yetu.

Majiko arobaini

Mwaka 1997 ofisi yetu ilipata msaada wa majiko 40 ya jua. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kioo juu na karatasi ya kung'aa ndani. Unaweka sufuria nyeusi, unafunika, unaligeuza lielekee jua, na baada ya saa kadhaa chakula kimeiva bila kijiti hata kimoja cha kuni. Siku ya maonyesho tulipika wali na mayai uwanjani pa kanisa. Watu walipiga makofi. Baba Paroko alionja na kusifu.

Baada ya miezi sita tulizunguka na fomu. Mnalipenda jiko? Sana. Mnalitumia? Ndiyo, tunalitumia tu. Limepunguza kazi ya kutafuta kuni? Sana, asanteni. Tukajumlisha, tukaandika kwa wafadhili kwamba nyumba 37 kati ya 40 zinatumia jiko la jua.

Jioni ya siku ya mwisho mvua ilinyesha, gari letu likakwama kwenye matope, na wawili kati yetu wakalala katika nyumba ambayo mchana wake walikuwa wamejaza fomu. Saa moja usiku mama aliwasha moto kwenye mafiga matatu, kama kawaida. Jiko la jua lilikuwa pale pembeni jikoni. Ndani yake, chini ya kioo kilichoachwa wazi kidogo, walikuwamo vifaranga kumi na kitu. Mama alipotuona tunatazama alicheka, akasema, "Hawa wanahitaji joto kuliko mimi." Hakuwa ametudanganya kwa ubaya. Mgeni amekuja kutoka mbali, amekuletea zawadi, anakuuliza kama unaipenda. Mtu mwenye adabu atajibu nini?

Usiku ule tulijifunza mambo ambayo fomu isingetuambia hata ingekuwa na kurasa ishirini. Chakula kikubwa cha nyumba zile ni cha jioni, na jioni hakuna jua. Ugali hauachwi juani ujiive, unasongwa kwa mwiko, na kwa nguvu. Sanduku lile lingepinduka, na ukifungua kioo kila mara joto linakwisha. Sufuria ikikaa uani mchana kutwa, mbuzi wanaiona, na majirani pia wanaona unapika nini na unapika kidogo kiasi gani. Hilo la majirani mama alilisema kwa sauti ya chini, na labda ndilo lilikuwa zito kuliko yote. Tena ule moto haukuwa wa kupika tu. Watoto walikuwa wanauota, na mahindi ya mbegu yalikuwa yametundikwa juu ya moshi yasiliwe na wadudu. Sisi tulileta kitu cha kupikia. Kilichokuwa kikifanya kazi pale ni moto wenye kazi nne.

Linganisha na jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, lile lenye kiuno. Karibu kila nyumba ya mjini inalijua. Lilianza kuenea hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo la udongo wa ndani likiwa limetoka kwenye majiko ya Thailand, na mafundi wa jua kali wakalichukua wakawa wanalitengeneza na kuliuza wenyewe. Halikumwambia mama abadilishe saa ya kula. Halikumzuia kusonga. Makaa ni yale yale anayonunua, sufuria ni ile ile, mahali ni pale pale. Tofauti aliiona kwenye kopo la makaa, kwamba halikwishi haraka kama zamani. Hakuna aliyehitaji kuzunguka na fomu kuuliza kama jiko hilo linapendwa. Ungekwenda tu sokoni uone kama watu wanalinunua kwa pesa zao, na kama likivunjika wanarudi kununua lingine.

Pesa ndani ya simu

Sasa aibu yetu ya pili. Katika miaka ya mwisho ya 1990 tulikaa mkutanoni tukasema kwamba simu za mkononi ni za matajiri wa Nairobi, na kwamba kikundi kitakachotaka kununua simu kisisaidiwe. Hatukuwa wajinga. Tulitazama bei ya simu na bei ya kupiga, tukatazama mapato ya watu wetu, hesabu ikakataa. Kile ambacho hatukutazama ni watu.

Maana watu tayari walikuwa wanafanya mambo. Mtu asiye na salio alipiga, simu ikalia mara moja, akakata, na mwenzake akajua ameitwa. Hiyo kufleshi haikufundishwa na kitabu chochote kinachokuja na simu. Huko Uganda walikwenda mbali zaidi. Mtu wa mjini ananunua kadi ya salio lakini haiingizi kwenye simu yake. Anampigia mwenye simu ya biashara kijijini kwao, anamsomea zile nambari. Yule anaingiza salio katika simu yake, anampa mama mzazi wa yule wa mjini pesa taslimu, akijikatia kidogo. Mwaka 2002 watafiti waliofika Uganda, Ghana na Botswana walikuta watu wanatumiana salio badala ya pesa. Hakuna kampuni iliyokuwa imewaambia wafanye hivyo.

Na hapa kwetu? Wenye umri wetu mnakumbuka. Pesa za karo zilikwenda kwa bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, au kwa posta, au zilimngoja binamu anayesafiri Krismasi. Nyingine zilifika zikiwa zimepungua, nyingine hazikufika, na mtoto akarudishwa nyumbani kutoka shule. Mtu aliyekuwa amekaa stendi ya basi siku moja, akahesabu bahasha zinazopokewa na makondakta, angejua jambo kubwa kuliko sisi na mkutano wetu.

Oktoba 2005 majaribio ya M-Pesa yalianza Nairobi na Thika, na wateja wasiozidi 500. Watu wengi leo hawajui kwamba haikuanzishwa ili mtu amtumie mama pesa. Ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wa shirika la Faulu walipe mikopo yao midogo kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliosimamia kazi ile, waliandika mwaka 2007 yale waliyoyaona. Wateja walianza kufanya yasiyotarajiwa. Mmoja alilipa mkopo wa mwenzake kwa sababu yule alikuwa amemfanyia kazi. Mfanyabiashara aliweka mauzo ya siku jioni, benki zikiwa zimefungwa, ili asilale na pesa nyumbani. Msafiri aliweka pesa mji huu, akazitoa alipofika mji ule, asiibiwe njiani. Wengine waliwanunulia salio jamaa zao walio mbali. Na ile kazi iliyokusudiwa, kulipa mikopo, ndiyo ikawa ngumu, maana mahesabu ya shirika hayakupatana vizuri na mtambo mpya.

Hapo wangeweza kusema kwamba wateja wanaharibu majaribio. Sisi, kwa kweli, tungesema hivyo, na tungeandika kwenye ripoti kwamba wanahitaji mafunzo zaidi. Wao walifuata nyayo za wateja. M-Pesa ilipozinduliwa nchi nzima Machi 2007, mambo ya mikopo yaliwekwa kando, na ikatangazwa kwa jambo moja tu: kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka ule kwisha, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni moja.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kilichofaa Kenya kitafaa kila mahali. Mwaka 2010 M-Pesa ilipelekwa Afrika Kusini na kampuni ya Vodacom, kwa matumaini ya kupata wateja milioni 10. Mwaka 2016 ilifungwa. Waliokuwa wanaitumia hasa walikuwa kama 76,000. Mtambo ni ule ule na jina ni lile lile, ila huko watu wengi walikuwa tayari na akaunti za benki na mashine za kutolea pesa karibu nao. Hawakuwa na bahasha mkononi mwa kondakta.

Neti za omena

Mfano wa tatu unaumiza kidogo. Neti za mbu zimeokoa watoto wengi katika nchi yetu, na hatuandiki haya ili mtu aiondoe kitandani. Lakini mwaka 2008 watafiti, akiwemo Noboru Minakawa, waliandika juu ya vijiji vya wavuvi vya Ziwa Victoria upande wa Kenya, ambako walikuta neti zimetandazwa chini ufukoni, omena zikikaushwa juu yake. Nyingine zilikuwa zinavulia samaki.

Ukilisikia jambo hili, la kwanza kuja mdomoni ni lawama. Watu hawa hawajaelimika! Lakini walipoulizwa walieleza vizuri tu: omena hukauka haraka juu ya neti, na neti ni ya bei ndogo au ya bure. Mama wa omena anajua kwamba mvua ikimkuta na samaki wabichi, hasara ni ya leo. Malaria ni ya labda.

Kutumia kitu kivingine ni namna ya kusema, na mara nyingi ni namna ya pekee aliyonayo mtu asiyeitwa mkutanoni. Vifaranga ndani ya jiko vilikuwa vinatuambia kwamba nyumba ile inataka kufuga kuku na inashindwa na baridi. Omena juu ya neti zinasema kuna kazi ya kukausha samaki ambayo hakuna aliyeileta kifaa chake kwa bei nafuu. Neti ya kitandani ibaki kitandani, na mahubiri yaendelee, lakini mwenye masikio atauliza pia habari ya wavu wa kukaushia.

Kuna na pampu iliyosifiwa sana ulimwenguni. Ilianzia Afrika Kusini. Ni gurudumu la kuchezea watoto, wanalisukuma na kulipanda likizunguka, na chini linavuta maji hadi kwenye tangi. Mwaka 2006 huko Marekani zilitangazwa dola milioni 16.4 za kuisambaza, na lengo lilikuwa pampu 4,000 kufikia mwaka 2010. Nani asiyependa kuona watoto wanacheza na maji yanatoka? Lakini mchezo ni mchezo kwa sababu mtoto anauacha anapochoka. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu likaona kwamba, ili maji yafikie kiasi kilichoahidiwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Waliobaki wakisukuma gurudumu mahali pengi ni akina mama, wameinama, tena wengine walikuwa na pampu nzuri ya mkono hapo awali ikang'olewa. Mpango ule haukufika mbali.

Tofautisha na pampu ya miguu iliyotengenezwa hapa Nairobi na shirika lililoanzishwa mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon, la kumwagilia shamba dogo. Hawa walitazama nani atakayesimama juu yake. Mara nyingi ni mwanamke, shambani, watu wakipita. Pampu ya kukanyaga iliyo juu sana ingemfanya aonekane anacheza ngoma mbele ya kijiji, kwa hivyo waliifanya iwe chini. Jambo dogo kama hilo, na mhandisi asiyekaa na watu asingelifikiria. Tena hawakuigawa bure, waliiuza madukani.

Siku kumi za Danieli

Katika jumuiya someni Danieli, sura ya kwanza, mstari wa 8 hadi 16. Vijana wanne wako utumwani Babeli. Wamepangiwa chakula cha mfalme, na Danieli hataki. Mkuu wa msimamizi wao anaogopa kwa sababu wakikonda ni kichwa chake. Danieli hamhubirii. Hasemi mboga ni bora kwa sababu hii na ile. Anaomba siku kumi za kujaribu, wapewe mboga na maji, halafu nyuso zao zilinganishwe na za wale wanaokula chakula cha mfalme, na msimamizi aamue kwa yale atakayoyaona.

Tazameni jinsi jaribio lile lilivyopangwa. Ni la watu wachache. Lina mwisho unaojulikana. Kuna wengine wa kulinganisha nao. Na anayeamua ni yule aliyewekwa kuwasimamia, tena anaamua kwa macho. Wauzaji wengi wanaotufikia wanataka kinyume chake: kikundi kizima, pesa zote, sasa hivi, kwa sababu bei itapanda Jumatatu.

Kabla ya jaribio lenyewe kuna kazi nyingine, na hii ndiyo vikundi vingi huiruka. Tujue shida ile watu wanaitatua vipi leo, bila kitu kipya. Hakuna shida ambayo watu wameikalia tu wakingoja mwuzaji. Kama ni maji, wanayateka mahali fulani, kwa saa fulani, au wanayanunua kwa mtungi. Kama watu hawatumii shilingi wala dakika kwa jambo unalotaka kuwatatulia, labda kwao si shida, hata wakiitikia kwa kichwa.

Na tujifunze kuuliza. "Mnapenda?" ni swali la kuomba sifa. "Jana jioni ulipika kwa nini?" linajibika. "Mara ya mwisho kilipoharibika, nani alikitengeneza, na alilipwa na nani?" Hilo la mwisho tumeliona lina nguvu sana. Kitu ambacho watu wanakitengeneza kwa pesa zao wenyewe ni chao. Kile kinachongoja gari la parokia lilete fundi bado ni cha parokia. Tena ukitaka kuona, nenda wakati kitu kinapotumika, si wakati unaokufaa wewe. Hatusemi mkapeleleze nyumba za watu, adabu ni lazima. Lakini ukikaa na mwenyeji, ukamenya naye viazi, utaona mengi bila kuuliza.

Tuweke hapa tahadhari, kwa sababu wasomaji wengine watatuandikia. Watu kutumia kitu sana si ushahidi kwamba kinawafaa. Mikopo ya simu ilipoingia, kuanzia M-Shwari mwaka 2012 na nyingine nyingi baadaye, hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Watu waliingia mbio. Tumekaa na wazazi waliokopa kwa programu moja ili walipe nyingine, na waliopigiwa simu mashemeji wao waambiwe fulani ni mdeni. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 2021 sheria ilitungwa ya kuipa Benki Kuu uwezo wa kuwapa leseni wakopeshaji hao. Kamari ya simu ni vivyo hivyo, vijana wetu wanaijua kuliko katekisimu.

Mwenendo wa watu unatuambia kitu kitashika au hakitashika, na unatuonyesha shida iko wapi. Mtu anayekopa shilingi 500 saa kumi na moja asubuhi kwa riba kubwa anatuambia jambo juu ya mtaji wake wa mboga, na juu yetu pia, kwamba benki ya kikundi chetu hufunguliwa mara moja kwa mwezi. Kama jambo ni jema au baya, hilo tunalipima kwa Injili na kwa hesabu ya mwisho wa mwezi. Ila tusipoanza kwa kuona, tutakuwa tunakemea upepo.

Daftari la wiki mbili

Turudi kwa akina mama wetu. Tuliwaomba wasilipe chochote kwa wiki mbili, wanunue daftari, na waandike mambo mawili. Kwanza, simu janja ziko nyumba ngapi, na mchana ziko mkononi mwa nani. Pili, kila mwanachama atakayekuta ugonjwa au wadudu shambani aseme alifanya nini siku ile, si anachodhani angefanya.

Daftari lililetwa ofisini na mweka hazina, limefungwa kwa mfuko wa plastiki. Nyumba zenye simu janja ni 11. Lakini 7 kati ya hizo, simu ni ya mume au ya kijana, na asubuhi inatoka naye kwenda kazini au kwenye bodaboda. Simu inayofika shambani mchana ni 4 tu. Wengine wana kabambe, zile za kumulika usiku.

Wanachama 9 walipata shida ya mimea katika wiki hizo. Sita walichuma jani, wakalikunja kwenye karatasi au kwenye leso, wakalipeleka kwa duka la agroveti sokoni. Mmoja alimwuliza jirani. Mmoja hakufanya kitu. Na mmoja, ambaye hana simu janja, alimwomba jirani apige picha na kumtumia mwanawe aliye Eldoret, ambaye alimwonyesha rafiki yake aliyesomea kilimo, na jibu likarudi kabla ya jioni. Mwandishi wa kikundi alichora mstari mwekundu chini ya huyo. Sisi tungechora miwili.

Jani linaenda agroveti. Limekuwa likienda huko tangu viwavijeshi vamizi walipotushambulia mwaka 2017, na kabla ya hapo, wakati ugonjwa wa kukausha mahindi ulipoonekana Bomet mwaka 2011 na kuenea. Tulipouliza wale sita, wanne walisema waliuziwa dawa, na wawili kati ya hao walihisi mwenye duka aliwauzia iliyokuwa karibu kwisha muda wake. Basi shida ipo, na watu wanailipia. Wanalipa nauli, wanalipa dawa isiyofaa, wanapoteza siku. Tulikiri hivyo mbele ya kikundi, kwa sababu wengine wetu tulikuwa tumefika na jibu la "hapana" tayari mfukoni. Huduma hii si upuuzi. Ila simu 28 za mkopo, zitakazoishia mikononi mwa vijana, hazitafika mahali jani lilipo.

Mkutano ulikuwa mrefu. Mama mmoja mzee, ambaye shamba lake liliharibika msimu uliopita, alisimama akasema yeye hataki kungoja majaribio ya mtu, anataka dawa ya mahindi yake sasa. Hakuna aliyemnyamazisha, na hatukuwa na jibu la kumtosha.

Mwishowe walikubaliana hivi. Wale wanne wenye simu zinazofika shambani watalipiwa ada na kikundi kwa msimu mmoja, jumla shilingi 2,400. Atakayepata jani lenye shida alilete kwa mmoja wao kwanza, shamba la yule mama mzee likitangulia, na baada ya hapo aende agroveti kama atapenda. Daftari liendelee, na sasa lina safu tatu: simu ilisema nini, mwenye duka alisema nini, na wiki tatu baadaye mmea uko namna gani. Safu ya tatu ataijaza mweka hazina mwenyewe kwa kwenda kuona.

Walimpigia mwuzaji kumwambia. Akasema kampuni yake haipokei kikundi chini ya watu 20. Mwenyekiti akamwuliza kama huduma ni nzuri anaogopa nini watu wanne. Akajibu atawauliza wakubwa wake. Hadi tunapopeleka toleo hili kwa mpiga chapa hajarudisha jibu, na yule kijana wa Eldoret ameshatumiwa picha nyingine mbili.